Huduma ya Kikristo kwa Wanavajo Ianzie kwenye Maji

Katika nchi ya Wanavajo, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Marekani, eneo la takribani kilomita za mraba 70,000 ndani ya majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah, karibu theluthi moja ya kaya hazina maji ya bomba. Mei 2020, Uviko-19 ulipokuwa ukiwaambukiza kwa kiwango kilicholipita hata jimbo la New York, familia hizo zilihimizwa kunawa mikono kila mara kwa maji ambayo hazikuwa nayo. Ndiyo maana katika kazi zote za makanisa huko naliheshimu sana gari la maji la misheni ya Kikatoliki ya St. Bonaventure, mjini Thoreau, New Mexico, ambalo hupita barabara za vumbi, zinazogeuka tope zito mvua ikinyesha, na kujaza mapipa na ndoo nyumba kwa nyumba.

Huduma ya namna hiyo ina uzito wa pekee kwa Wanavajo, kwa kuwa Ukristo uliwafikia ukiwa bega kwa bega na serikali iliyowaonea. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga maelfu yao kwa miguu hadi kambi ya Bosque Redondo, New Mexico, ambako wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Mkataba wa 1868 uliwaruhusu kurudi kwao, lakini uliwalazimisha pia kuwapeleka shuleni watoto wenye umri wa miaka 6 hadi 16. Kisha utawala wa Rais Grant ukayagawia madhehebu jamii za wenyeji kama mashamba, na Wanavajo wakaangukia mikononi mwa Wapresbiteri. Zikafuata shule za bweni, ambamo watoto walikatwa nywele na kuadhibiwa kwa kusema Kinavajo. Bibi aliyelelewa na watu waliopitia hayo akisita kuingia kanisani, hana kosa lolote, na mchungaji anayetaka kumhudumia hana budi kuijua historia hiyo kabla hajafungua Biblia.

Walikuwapo pia wamisionari waliokwenda kwa unyenyekevu. Padre Berard Haile, Mfransisko wa misheni ya St. Michaels iliyoanzishwa mwaka 1898, alijifunza Kinavajo kwa miaka mingi na kuandika kwa kina desturi za wenyeji. Huko Ganado, Arizona, Wapresbiteri walianzisha chuo kilichowafundisha uuguzi wasichana wa jamii za wenyeji, wakati ambapo vyuo vingi viliwafungia milango. Agano Jipya la Kinavajo lilitoka mwaka 1956, na miongoni mwa watafsiri wake alikuwa Geronimo Martin, Mnavajo asiyeona. Kazi hizo zilidumu kwa sababu Wanavajo wenyewe walizishika.

Hapo ndipo ninapopingana na desturi ya vikundi vya kanisa vinavyomiminika kila kiangazi, vikapaka kuta rangi, vikapiga picha na watoto, na kuondoka baada ya wiki moja. Nia yao ni njema, ila fedha nyingi huishia kwenye nauli na malazi. Kikundi kinachotaka kwenda mwakani kizungumze kwanza na baraza la wenyeji wa mahali husika, miongoni mwa mabaraza 110 yaliyopo, kijue ni kaya zipi zinahitaji tangi la maji au kuni za majira ya baridi, kisha nusu ya bajeti ya safari ilipe mshahara wa mhudumu Mnavajo atakayeendelea na kazi wageni wakishaondoka.