Shemeji Ana Benzi, Mimi Nina Kelele

Shemeji yangu amenunua Mercedes C200 ya mwaka 2016, nyeusi, imetoka Japani. Tangu siku hiyo ukweni mimi ni yule jamaa wa kelele.

Nina Subaru Impreza WRX STI ya 1998. Hebu tupige hesabu, maana nyumbani hakuna anayetaka kunisikiliza. Injini zote mbili ni lita 2. Langu lina nguvu za farasi 280, lake farasi 184. Langu halifiki hata kilo 1,300. Lake linakaribia 1,500, na nyingi nashuku ni ngozi ya viti. Impreza ndiyo aliyoshindia dereva Colin McRae mashindano ya Safari Rally ya 1997, hapa hapa Kenya! Lakini nikimweleza mama mkwe habari za McRae, ananiuliza kama na yeye alikuwa anaumwa magoti. Kiti changu kiko chini sana, kumtoa humo kunahitaji watu wawili na maombi.

Na hao farasi wenyewe! Kila asubuhi nawapeleka Waiyaki Way, wanasimama wote 280 nyuma ya matatu, wanakunywa petroli bila kupiga hatua. Wa shemeji nao wamesimama palepale, ila injini yake hujizima foleni ikikwama. Mwenyewe amejilaza anasikiliza kwaya.

Majirani wanasema naringa. Jamani, si mimi! Mabomba ya moshi yanayotoka kwenye injini hayana urefu sawa, ndiyo maana inanguruma vile. Niliyaeleza haya yote kwenye mkutano wa wapangaji. Mwenyekiti akaandika neno moja: kelele.

Juzi nikapanda hilo Benzi kwenda Naivasha. Njiani likamwonyesha shemeji picha ya kikombe cha kahawa kwenye dashibodi, eti limehisi anasinzia. Hiyo ni dharau. Linakuonyesha kikombe, kahawa ukajinunulie! Kwangu usingizi utautoa wapi, wakati kiuno kinahesabu kokoto zote kutoka Limuru?

Halafu langu lina kitufe cha maji. Ukibonyeza, linanyunyizia maji kile kifaa kinachopoza hewa inayoingia kwenye injini ili lisipungukiwe na nguvu. Nikamwonyesha mke wangu kwa fahari, nikasahau kwamba bomba la nyumbani limekauka wiki nzima.

"Baba Neema," akasema, "kwa hivyo gari linaoga, watoto hawaogi?"

Hapo unajibu nini? Jumamosi akampigia kaka yake simu, Benzi likaja kusomba maji. Buti ilipojaa, mtungi mmoja ukapewa kiti cha mbele. Gari likaanza kulia, ting, ting, ting, halikunyamaza mpaka mtungi ulipofungwa mkanda. Mimi nikarudi nyuma, nikabanana na mitungi mingine.