Kabla ya kujenga mfumo, tembeza kete

Ofisi niliyowahi kufanyia kazi ilihamishia maombi ya masurufu kwenye kompyuta. Mchoro wa utaratibu ulibandikwa ukutani, visanduku vya bluu na mishale iliyonyooka, wakubwa wote wameusaini. Wiki ya pili dereva mmoja akaja mezani kwangu.

"Dada, ombi langu limeandikwa 'linasubiri' tangu Jumatatu. Linamsubiri nani?"

Mkuu wa idara alishalipitisha. Mhasibu anasema halijamfikia.

Jioni nikautandaza mchoro mezani na kete za bao za marehemu babu. Kete moja nikaiweka mwanzoni, nikaitembeza. Kwenye njia panda, ombi dogo huenda kwa mkuu wa idara, kubwa kwa mkurugenzi; moja tu kati ya hizo. Mbele mishale hiyo miwili inakutana kabla ya malipo, na mchoraji aliweka alama inayotaka zote mbili zifike. Kete yangu ikakaa pale, inamngoja mwenzake ambaye hakuwahi kutumwa. Haikuchukua hata dakika tano.

Wala si ujanja wangu. Hisabati yake inaanzia kwenye tasnifu ya Mjerumani Carl Adam Petri ya mwaka 1962. Miaka ya 1990 Mholanzi Wil van der Aalst akaitumia kwa kazi za ofisini na kuweka masharti: popote kete ilipo, iwe bado inaweza kufika mwisho, ikifika, isibaki nyingine njiani, na pasiwe na hatua isiyoweza kufikiwa kamwe. Siku hizi wengi wanachora kwa BPMN, alama sanifu za kuchora taratibu za kazi, iliyofikia toleo la 2.0 mwaka 2011, na zipo programu zinazokagua masharti haya zenyewe. Lakini kwenye warsha zetu tunabishania vyeo siku mbili nzima, kete haitembezwi hata mara moja. Saini zile zinathibitisha kwamba watu wameuona mchoro, basi.

Na kukwama ndiko afadhali, maana aliyekwama atapiga kelele. Geuza kosa lile: ombi liende kwa wote wawili kwa pamoja, halafu mbele yoyote atakayefika aruhusiwe kupita. Kete mbili zitafika kwenye malipo, na hati ileile italipwa mara mbili. Hapo nani atalalamika? Labda mkaguzi, mwakani.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kosa letu lilikuwepo tangu enzi za karatasi. Mzee wa masijala alikuwa akiona faili limelala, analichukua kwapani na kulipeleka mwenyewe kwa mhasibu. Alikuwa akiuziba ufa kwa miguu yake, na sisi tukadhani utaratibu ni mzima.

Kete nazo zina mpaka wake. Tuliporekebisha, maombi yakawa yanapita vizuri kabisa, kupitia saini saba kwa ajili ya hela ya dizeli. Programu ya ukaguzi ingeupa mchoro huo alama zote. Kwa nini saini saba, hilo halihitaji kete, linahitaji mtu wa kumuuliza mkurugenzi, na siku ile hakupatikana.

Dereva alisafiri kwa hela aliyokopa kwa shemeji yake. Aliporudi akataka kujua adai marejesho kwa njia ipi. Nikaenda ukutani kutazama. Kisanduku hicho hakikuwepo.