Southsea ina vibao, Ng'ambo yetu je?

Ukitoka kununua maziwa Elm Grove, hapa Southsea, Uingereza, unapita chini ya kibao kinachokwambia kwamba Arthur Conan Doyle, daktari aliyeandika hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, aliishi mahali hapo. Nyumba yenyewe haipo. Bush Villas iliangushwa na mabomu ya Vita Kuu ya Pili, kiwanja kikajengwa upya, na jengo lililopo leo halina uhusiano wowote na daktari yule. Hata hivyo jina lake limerudishwa ukutani. Kila nikipita hapo nafurahi, na hatua kumi mbele furaha imeshageuka hasira, kwa sababu mawazo yameshavuka bahari na kufika Ng'ambo.

Nasema Ng'ambo yetu, ile mitaa ya mji wa Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe, ukishapita Darajani.

Southsea ni kitongoji cha mji wa Portsmouth, kusini mwa Uingereza, na kwa watu maarufu waliopita hapa kinaishinda miji mizima. Conan Doyle alifika 1882, daktari kijana asiye na wagonjwa wa kutosha, na 1886, katika saa zake za kusubiri mlango ugongwe, akamwandika Sherlock Holmes kwa mara ya kwanza. H. G. Wells, mwandishi wa riwaya, aliletwa 1881 kuwa mwanagenzi katika duka la vitambaa la King's Road, akaichukia kazi hiyo hadi alipoiacha 1883. Rudyard Kipling, mshairi na mwandishi, aliachwa hapa 1871, hajatimiza miaka sita, yeye na dada yake mdogo, katika nyumba namba 4 Campbell Road, huku wazazi wakirudi India. Alikaa karibu miaka sita na hakuwahi kuisamehe nyumba ile. Peter Sellers, mwigizaji wa filamu, alizaliwa hapa 1925.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina alipoishi hapa, na hilo ndilo linalonishika. Wawili ni watoto, mmoja mwanagenzi, mwingine daktari aliyekuwa akihesabu senti. Kitongoji ndivyo kilivyo: kodi nafuu, chumba kinapatikana, mtu anapita kabla dunia haijamjua. Ndiyo maana historia yake hupotea upesi kuliko ya ikulu. Mfalme anaandikiwa akiwa hai. Mpangaji wa uani haandikwi na mtu.

Sasa itazameni Ng'ambo kwa jicho hilohilo. Mwaka 1911 aliingia mjini mwanamke kutoka Fumba, mfinyanzi na muuza vyungu, akakaa Ng'ambo pamoja na wenzake waliotoka shamba. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri kwa Kiswahili, na sauti yake ikavuka pwani nzima. Huyo ni Siti binti Saad. Tunamtaja kila tamasha la taarabu, tunajigamba naye mbele ya wageni, na Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Lakini mtoto wa skuli wa Kikwajuni akiuliza, "Bibi huyu alikaa nyumba gani?", tumpeleke wapi? Nani anamshika mkono na kumwonyesha kiwanja?

Na si yeye peke yake. Bi Kidude, naye mwimbaji wa taarabu, aliitembea mitaa ileile hadi uzeeni. Mzee Karume tunajua kaburi lake Kisiwandui, lakini kaburi halisimulii mtu alikuwa akirudi wapi jioni kutoka bandarini. Wacheza mpira, walimu wa chuo, mafundi wa udi, wote walilala chini ya mabati ya Ng'ambo.

Najua jibu linalokuja: "Keshakaa Ulaya, sasa anataka kutufundisha kubandika vibao. Mambo ya kizungu hayo."

Hebu tutulie kidogo. Kwahajitumbo ni jina la nini? Kwaalinatu je? Hayo ni majina ya watu. Wazee wetu walilitia jina la mkaazi katika jina la mtaa wenyewe, bila udongo wala rangi, na dereva wa daladala analitamka leo bila kufikiri. Mtaa mwingine umebeba jina la mwembe, mwingine la kisima. Huo ni ustadi ambao Waingereza hawaufikii. Hapa kibao kinahitajika kwa sababu jirani hasemi na jirani. Mtu anaweza kukaa mtaa mmoja nusu karne na mlango wa pili wasijue anaitwa nani. Kwetu baraza ndiyo iliyokuwa kibao. Basi silaumu tuliyoyafanya zamani. Ninachosema ni kwamba baraza zinavunjwa ili mbele ya nyumba pawe duka, na jina lililokuwa likikaa midomoni limebaki bila pa kukaa.

Tena tulishabomoa nyingi. Majumba marefu ya Michenzani yalisimamishwa juu ya mitaa iliyokuwa na watu, na waliopewa fleti walishukuru, kwa haki, maana maji na choo cha ndani si jambo dogo. Sidai nyumba za udongo zirudishwe. Lakini Elm Grove inaonyesha kwamba jengo kuondoka si sababu ya jina kuondoka. Kinachobadilika ni maneno tu: badala ya "aliishi katika nyumba hii" unaandika "aliishi katika nyumba iliyokuwa mahali hapa". Kibao cha namna hiyo kinaweza kukaa hata kwenye ukuta wa fleti.

Mwingine atasema vibao tunavyo. Tunavyo, Mji Mkongwe, ambako mtalii anapita. Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen aliyezaliwa Unguja, ana makumbusho yake Shangani tangu 2019, na nyumba zaidi ya moja zimewahi kugombea kwamba ni kwao. Huku, kibao chake cha buluu kiko Feltham, pembezoni mwa London, namba 22 Gladstone Avenue, nyumba ya kawaida kabisa ambamo familia yake iliingia 1964 baada ya kuondoka Unguja. Hakikuwekwa kwa ajili ya watalii. Ndege za Heathrow zinapita juu yake mchana kutwa. Kiliwekwa Septemba 2016 kwa sababu aliishi pale. Sisi tunaandika palipo na mnunuzi wa tiketi, na ukivuka Darajani vibao vinaadimika.

Pana fundo zito zaidi, na silikwepi. Seyyid Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyepinduliwa 1964, aliishi hapahapa Southsea, katika nyumba ya kawaida, kuanzia miaka ya 1960 hadi alipohamia Oman 2020. Alifariki Desemba 2024. Nikimtaja tu, wapo watakaouliza niko upande gani. Niko upande wa kuandika kilichotokea mahali kilipotokea. Kipling alikuwa mshairi wa dola iliyotutawala, na kibao chake kipo Campbell Road. Kibao hakimtakasi mtu, kinasema alikuwepo.

Kwa fundo hilo London wana kanuni ningependa tuichukue. Mpango wao wa vibao, ulioanza 1866 na sasa uko chini ya English Heritage, shirika la kuhifadhi historia, haumwandiki mtu hadi iwe imepita miaka 20 tangu afe. Joto la siasa linapoa, sifa za msibani zinachujwa. Tukiipokea sisi, Siti yuko tayari tangu 1970, Mzee Karume tangu 1992, Bi Kidude angoje 2033, na habari ya Jamshid waamue watu wa 2044. Kanuni moja kwa wote. Asiwepo wa kurushwa foleni kwa sababu ya rangi ya chama. Anayekataliwa London haruhusiwi kupelekwa tena hadi ipite miaka 10, na hiyo nayo inazuia watu kusumbua kila uchaguzi.

Sasa kazi yenyewe. Kinachoharibika mwanzo ni ushahidi. Ukimuuliza mzee "Fulani alikaa wapi?" atakupeleka alikofia, wakati wewe unataka alikoishi akifanya kazi iliyompa jina. Uliza kwa miaka: kabla ya kuolewa, baada ya safari ya Bombay, wakati wa vita. Waulize wazee wawili kila mmoja peke yake. Ukiwaketisha baraza moja, wa pili atamkubalia wa kwanza kwa adabu. Halafu tafuta karatasi: hati ya nyumba, daftari za wakfu, barua zenye anwani, na jengo la Nyaraka pale Kilimani. Msingi wa kuanzia upo, kwa sababu Ng'ambo Tuitakayo, mradi wa mipango miji, ulishaipima na kuichora mitaa mingi. Mdomo na karatasi zikipishana, usiandike. Kibao cha uongo ni kigumu kukitoa kuliko kukiweka.

Pili ni ridhaa, na hapa ndipo mipango mingi ingefia. Nyumba za Ng'ambo mara nyingi ni za warithi ambao hawajagawana urithi. Kaka mkubwa anakubali, dada aliyeko Muscat anasikia baadaye, kibao kinang'olewa siku ya Idi. Pata saini za warithi wote mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Na watu wana hofu yenye sababu: nyumba zilishachukuliwa. Wakiona alama ya serikali ukutani wanaona mwanzo wa kuhamishwa. Basi waandikiwe barua fupi, wabaki nayo, inayosema kibao hakimpi mtu yeyote haki juu ya nyumba, hakiwazuii kuuza wala kujenga. Hata London kibao hakiilindi nyumba kisheria. Anayetaka ulinzi hutumia sheria nyingine.

Tatu ni kibao. Shaba itaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Bati litatoa kutu kwa chumvi ya bahari na kuchirizika ukutani, plastiki itapauka, rangi ya brashi itababuka. Vya London ni vya kauri: udongo humiminwa kwenye kalibu, herufi huchorwa kwa mkono kwa uji wa udongo mweupe, kisha hupakwa na kuchomwa. Upana ni milimita 495, unene kama 50, na uso umebinuka kidogo ili mvua ijisafishie yenyewe. Nchi iliyomtoa mfinyanzi wa Fumba haikosi mikono ya kazi hiyo. Herufi ziwe kubwa, maneno machache: jina, miaka, kazi, aliishi hapa.

Ukutani, mwangalie fundi. Nyumba ya mawe na chokaa isitiwe saruji. Saruji ni ngumu kuliko ukuta, inafungia unyevu ndani, chumvi inakusanyika nyuma yake na baada ya masika chache plasta inabanduka pamoja na kibao chako. Chimba kitako, kaza kwa chokaa na mchanga, acha kikauke taratibu. Ukuta wa udongo na fito haubebi uzito huo kabisa. Hapo weka nguzo fupi pembeni mwa baraza. Kiwe juu ya mkono wa mtoto na chini ya upenuni, upande ambao mpita njia anaukabili, si ule wa uchochoroni.

Siti alifariki Julai 1950. Aliyekuwa na miaka 10 siku ile, akamwona akipita, leo ana zaidi ya 80. Simu zenu zote zina kinasa sauti.