Intaneti ikikaa katikati, redio imebaki wapi?

Mara ya kwanza nilipoongea na mtu wa Maskati kwa redio ya ridhaa, ile ya wapenda redio wenye leseni wanaoitana hewani, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani, Tanga, waya umefungwa kati ya mwembe na nguzo ya uzio, redio ya wati 100 ikila betri ya gari. Nilikuwa karibu na megahezi 14, bendi ya mita 20, jua likielekea kuzama. Niliita kwa Kiingereza kama tulivyozoea, nikataja ishara yangu ya wito inayoanza na 5H, alama ya Tanzania, nikasema niko Tanga. Yule bwana akajibu kwa Kiingereza vilevile. Kisha akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kwa Kiswahili safi: "Yakhe, Tanga ipi hiyo? Ngamiani au Chumbageni?"

Kumbe alilelewa Tanga kabla wazazi wake hawajahamia Oman. Kati yetu palikuwa na kilomita kama 3,800, na sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka kama maji yanayopwa na kujaa. Wale waliokua wakisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC au DW kwenye masafa mafupi wanaijua sauti hiyo: inakuja mpaka masikioni, inarudi nyuma, inakuja tena. Tuliongea dakika nne hivi. Alikuwa ananiuliza habari za mtaa wao wa zamani akazama katikati ya neno. Nilimwita tena na tena mpaka giza likaingia, nikapata mvumo mtupu.

Miezi michache baadaye tulikutana tena, safari hii kwa EchoLink, programu inayowaunganisha wanaredio kupitia intaneti. Mimi nilikuwa na simu mkononi, yeye alikuwa mbele ya kompyuta. Sauti ilikuwa safi, haipandi wala haishuki. Tukazungumza zaidi ya saa nzima: mtaa wao, wajukuu, bei ya nazi, antena yake aliyoiweka juu ya paa. Kwa upande wa urafiki, mazungumzo yale ya pili ndiyo yaliyotuunganisha, na ninayashukuru. Lakini nilipofungua daftari langu la mawasiliano ili niandike tarehe, saa na masafa, nilifika kwenye safu ya masafa nikakosa cha kuandika. Nikalifunga.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana na wenzangu wa redio ya ridhaa kuhusu jambo hili moja: mawasiliano yanayopita kwenye intaneti ni redio ya ridhaa kweli? Wapo wanaosema ndiyo, dunia imebadilika. Wapo wanaotema mate wakisikia tu jina la EchoLink. Mimi naona pande zote mbili zinaliuliza swali nusu. Kuuliza kama intaneti imetumika hakutoshi. Niambie imekaa wapi. Ikikaa kati yangu na redio yangu mwenyewe, mimi bado ni mwanaredio. Ikikaa kati ya redio yangu na redio ya mwenzangu, ikaubeba umbali wote peke yake, basi nimempigia simu mtu mwenye leseni. Simu si dhambi, ila tuiite simu.

Tuanze na sheria, maana watu hupenda kuitaja bila kuisoma. Kanuni za Redio za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ambazo TCRA kwetu na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutoa leseni zao kwa kuzifuata, zinaieleza redio ya ridhaa kuwa huduma ya mawasiliano ya redio kwa ajili ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi, inayofanywa na watu walioidhinishwa, wanaopenda ufundi wa redio kwa nia yao binafsi na bila kutafuta faida. Angalia kilichotangulia: kujifunza. Na mawasiliano ya redio, kwa kanuni hizohizo, ni yale yanayokwenda kwa mawimbi ya redio. Hapo hakuna fumbo.

Wenzangu hunijibu kwamba EchoLink haimruhusu mtu kuingia mpaka athibitishe leseni yake, kwa hiyo wote waliomo ni wanaredio. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini dereva mwenye leseni ya daraja la juu akipanda daladala akakaa siti ya nyuma, siku hiyo ni abiria. Leseni iko mfukoni, usukani uko kwa mwingine.

Isitoshe, mifumo hii hailingani, na mtu anayeitia yote kapu moja anawakosea haki waliohangaika kuijenga. IRLP, iliyoanzishwa Kanada na Dave Cameron mwaka 1997, haina mlango wa kompyuta kabisa: ukitaka kuingia lazima ushike redio, uinase ripita, yaani mtambo unaopokea sauti yako na kuirusha upya, ndipo intaneti ikupeleke kwenye ripita ya mbali. Kila mwisho wa njia kuna wimbi. EchoLink ya Jonathan Taylor, iliyokuja mwaka 2002, inaruhusu pia simu kwa simu na kompyuta kwa kompyuta, bila hata antena moja kuhusika. Halafu kuna hizi hotispoti za DMR na D-STAR, mifumo ya redio za kidijitali. Hotispoti ni kisanduku kidogo kinachokaa mezani kimeunganishwa na Wi-Fi, kikirusha kwa nguvu ya kama miliwati 10. Unashika redio ya mkononi, unabonyeza, wimbi linavuka mita tatu za sebule yako, linaingia kwenye kisanduku, kisha mkongo wa chini ya bahari unamaliza kazi yote hadi Sydney. Jamaa anakwambia ameongea na Australia kwa redio. Redio yake imeongea na meza.

Sasa hapa nataka kumtetea mtu ambaye husahaulika, naye ni aliyeijenga ripita. Mtu aliyepanda mlima na kuchagua mahali, akapandisha antena, akahangaika na vichujio ili mtambo unaorusha usizibe masikio ya mtambo unaopokea, akaweka sola na betri za kuvusha usiku, mwisho akaunganisha kompyuta ndogo na kuiandikia programu. Huyo amefanya redio ya ridhaa kuanzia kucha mpaka utosi, hata kama kila neno linalopita kwenye mtambo wake linatoka kwenye intaneti. Amejifunza na amechunguza. Kwa hiyo mazungumzo yaleyale yanaweza kuwa redio kwa mmoja na simu kwa mwingine. Mzani wangu ni kile alichokifanya mhusika. Kifaa alichoshika hakiniambii kitu.

Kwa mzani huohuo nasimama na wanaoendesha vituo vyao kutoka mbali, ingawa wazee wengi wa redio hawataki kusikia. Miji yetu imejaa kelele. Taa za LED, adapta za simu za bei poa, inveta za sola, vyote vinamwaga uchafu kwenye masafa mafupi kiasi kwamba megahezi 7 usiku inasikika kama kikaango. Ninamfahamu mwenzetu anayeishi Dar es Salaam kwenye ghorofa, na redio yake iko shambani upande wa Muheza, kwenye migomba, mahali pasipo na kelele. Anaiendesha kwa intaneti. Akimwita mtu wa Japani, wimbi linatoka Muheza na kufika Japani kwa miguu yake lenyewe, kupitia ionosfea, tabaka la juu angani linaloyarudisha mawimbi duniani. Intaneti imerefusha waya wa maikrofoni yake tu. Hata ARRL, chama cha wanaredio cha Marekani, kwenye tuzo yake ya DXCC ya kuwasiliana na nchi nyingi, inaukubali utaratibu huo, mradi mtambo wa kurusha na wa kupokea viwe mahali pamoja, ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 500. Mawasiliano ya kupitia ripita hawayahesabu. Naona wameupata mpaka mahali pake.

Sharti hilo la mita 500 si ukali wa bure. Kuna mtambo wa kusikilizia pale Chuo Kikuu cha Twente, mjini Enschede, Uholanzi, uliofunguliwa kwa watu wote kwenye intaneti. Mimi nimeutumia sana kujisikiliza. Narusha kutoka Tanga, najisikia nikitokea Enschede, naugeuza waya wangu kutoka mwelekeo mmoja kwenda mwingine, nasikia tofauti kwa masikio yangu. Sijawahi kupata mwalimu wa antena aliye bora kuliko huo. Lakini anayerusha kutoka Tanga na kumsikiliza mwenzake kupitia Twente ili akamilishe mawasiliano magumu, huyo ameikata nusu ya safari. Kifaa ni kilekile, lakini alipokiweka ni pengine.

Yote haya yangebaki ubishi wa barazani kama si wiki moja ya Mei 2024.

Ijumaa ya tarehe 10 Mei dunia ilipigwa na dhoruba kubwa ya jua, daraja la G5, la juu kabisa, ambayo mfano wake haukuwa umeonekana tangu Oktoba 2003. Jumapili ya tarehe 12, mikongo ya EASSy na Seacom ikakatika baharini kusini mwa Afrika. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, na kwa wengi wetu ikatoweka kabisa. Siku ile EchoLink yangu ilikuwa inazunguka tu bila kuunganika. Nikawasha redio, nimejaa kiburi cha mtu anayejua alichokuwa akikitetea. Masafa yalikuwa yamekufa. Mbingu nayo ilikuwa inaumwa.

Nasimulia hili kwa sababu wapenda masafa mafupi tuna tabia ya kusema redio haikatiki. Inakatika. Jua likilipuka, ionosfea inavurugika na hakuna wati za kukuokoa. Tofauti niliiona siku zilizofuata. Mkongo uliokatika ulinisubirisha meli ya kuutengeneza, na katika kusubiri kule sikuwa na la kufanya wala la kujifunza. Mbingu iliyougua ilinifungulia darasa. Nilikaa usiku na daftari, nikishuka bendi moja baada ya nyingine, nikiandika ipi imeanza kupumua na saa ngapi. Megahezi 7 ilirudi kwangu kabla ya 14. Alfajiri moja nikasikia alama za Morse kutoka Afrika Kusini, dhaifu kabisa, na nikajua kwa nini nazisikia. Maarifa yale ninayo hadi leo.

Wanaotaka kujua kama maarifa ya namna hiyo yana faida wakumbuke visiwa vya Andaman. Desemba 2004 Bharathi Prasad, mwanaredio wa India, alikuwa Port Blair na ishara ya VU4RBI, amekwenda kwa starehe yake ya kuwapa watu wa dunia nafasi ya kuongea na visiwa vile adimu. Tarehe 26 tsunami ikapiga, mawasiliano ya kawaida yakakatika, na meza ile ya starehe ikawa ndiyo njia ya kupeleka bara habari za walio hai. Kama angekuwa na hotispoti peke yake, angekuwa mtu mwingine anayesubiri habari.

Sasa nije kwa kijana, maana najua atakayenijibu kwanza ni yeye. Anaishi Kariakoo, ghorofa ya sita, mwenye nyumba hataki kuona hata kamba ya nguo juu ya paa. Ana leseni na redio ya Kichina ya mkononi. Mjini kwake hakuna ripita anayoifikia. Mita 20 za waya ninazozihitaji kwa megahezi 7, mita kumi kila upande, yeye azifunge wapi? Nikimwambia EchoLink si redio, nimemfukuza. Nami sitaki kumfukuza. Tuko wachache mno Afrika Mashariki. Kuna jioni unaita saa nzima na ishara ya kwetu haijibu hata moja. Aingie kwa mlango ulio wazi, ajue adabu za hewani, apate wakubwa wa kuwauliza maswali. Mimi mwenyewe nimejibu maswali mengi ya antena kwa njia hiyo. Nisichokubali ni kumwambia kwamba hapo amefika. Hapo yuko ukumbini, bado hajaingia ndani.

Na kwa kijana wa ghorofani, kwetu sisi kuna njia ambayo wenzetu wa Marekani na Japani hawana. Tarehe 15 Novemba 2018 ilirushwa satelaiti ya Qatar, Es'hail-2, ikiwa na kifaa cha wanaredio kinachoitwa QO-100. Imesimama nyuzi 25.9 mashariki, juu ya Ikweta. Kisangani wanaiona karibu utosini kabisa. Sisi wa pwani tunaiona juu sana upande wa magharibi, imepinda kaskazini kidogo. Inazunguka na dunia, kwa hiyo haizami. Inashuka na mawimbi ya karibu megahezi 10,489, ambayo LNB, kile kichwa cha kupokelea cha dishi la kawaida la king'amuzi, inayanasa. Dishi kuukuu, LNB, kipokezi kidogo cha USB na kompyuta, umeanza kusikia. Kurusha kunahitaji wati chache kwenye gigahezi 2.4, na kazi hiyo ni yako mwenyewe na pasi ya kuchomelea risasi. Sauti yako inapanda kilomita kama 36,000, inashuka tena, unajisikia baada ya robo sekunde. Njia nzima ni wimbi.

Mwenye nyumba wa Kariakoo hapendi waya, lakini dishi hana neno nalo. Kila mpangaji analo. Wiki iliyopita tulilikaza la kijana juu ya paa, tukaligeuza taratibu kutoka lilikokuwa linatazama, na saa mbili usiku sauti ya kwanza ikaingia, Mbrazili akiongea na mtu wa India. Kijana hakusema kitu kwa dakika nzima.

Mzee wangu wa Maskati yuko chini ya satelaiti hiyohiyo. Nimeshamwambia, tena kwa EchoLink, alielekeze dishi lake, na Ijumaa baada ya Isha nitamwita. Ile safu ya masafa daftarini nimeshaijaza.