James McAvoy hakujiinua peke yake

Kuna mhamasishaji mmoja, jina lake simtaji, ambaye video yake imetua kwenye kila kundi la WhatsApp nililomo. Suti inang'aa, anatembea jukwaani huku na huku, anahubiri kwamba James McAvoy, mwigizaji nyota wa Scotland, alitoka kwenye umaskini wa Glasgow bila kusaidiwa na mtu, alijiamini tu. Ukumbi mzima makofi.

Bila kusaidiwa na mtu! Wazazi wake walipoachana akiwa mdogo, babu na bibi wa upande wa mama ndio waliomlea Drumchapel, mtaa wa nyumba za halmashauri pembezoni mwa jiji. Babu mwenyewe alikuwa na kazi yake ya bucha. Au walezi siku hizi hawahesabiki kuwa watu?

Halafu kuna David Hayman, mwigizaji na mwongozaji wa hukohuko Glasgow. Alikwenda kuzungumza shuleni kwa kina McAvoy, na baada ya mazungumzo kijana akamfuata kuomba nafasi ya kujifunza kazi. Hayman hakumpiga kalenda. Alimwita kwenye usaili, akampa sehemu kwenye filamu yake ya The Near Room, iliyotoka mwaka 1995. Baadaye kikafuata chuo cha kifalme cha muziki na maigizo palepale Glasgow, akahitimu mwaka 2000. Sasa niambieni: mtu mzima angekataa ule mwaliko wa shule, au kusingekuwa na chuo cha maana kwenye jiji lake, huko kujiamini kungemfikisha wapi? Kungeishia Drumchapel. Na waliokuwa wanajiamini kuliko yeye wamo humohumo hadi leo, hakuna aliyewapigia simu.

Sawa, mtanitajia Sean Connery, muuza maziwa wa Edinburgh ambaye hakusomea uigizaji chuoni. Haya, mmoja huyo. Na juhudi McAvoy anazo, sibishi. Vijana wa vibanda umiza wanamjua kama jamaa anayepinda risasi kwenye Wanted, lakini mimi namkumbuka kwenye The Last King of Scotland, iliyopigwa Uganda kwenyewe. Forest Whitaker alijifunza hadi Kiswahili ili awe Idi Amin, na tuzo ya Oscar akaibeba. Lakini tazama pale Amin anapovutiwa na fulana ya Scotland aliyovaa yule daktari kijana anayeigizwa na McAvoy, wanabadilishana, Amin anatoa shati lake la jeshi. Uso wa McAvoy pale ni wa mtoto aliyepewa pipi na mtu asiyemjua. Filamu yote imesimama juu ya ujinga ule mtamu, na Oscar ikampita.

Jukwaani ndiko anakotisha zaidi. Macbeth London mwaka 2013, kisha mwaka 2019 Cyrano de Bergerac, mchezo wa mtu mwenye pua kubwa kupindukia: bila pua ya bandia, vipaza sauti vimesimamishwa jukwaani, na lafudhi yake ileile ya Glasgow. Mwaka 2022 akaupeleka Cyrano nyumbani.

Na yeye mwenyewe anajua alivyopita. Mwaka 2015 alikipa chuo chake pauni 125,000 kwa ajili ya kuwanoa vijana wa maeneo maskini, akaonya hadharani kwamba sanaa ikiachiwa tabaka moja tu, jamii nzima inaumia. Pauni 125,000, ndugu zangu. Angeamini kujiamini kunatosha, si angewatumia video?

Sasa ameongoza filamu yake ya kwanza, California Schemin', iliyooneshwa Toronto mwaka 2025. Inahusu vijana wawili wa Dundee, hukohuko Scotland, waliokuwa wakirapu. Wakubwa wa muziki London waliwacheka kwa sababu ya lafudhi yao, ndipo wakajifanya Wamarekani wa California na mkataba wakaupata. Vipaji vilevile, vinywa vilevile. Mhamasishaji wetu akiiona, atasema siri yao ilikuwa kujiamini.