Kiatu cha kushoto
Asanteni kwa makala kuhusu Beatrice Wright, aliyekuwa profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, aliyechunguza jinsi watu wanavyoupokea ulemavu. Kaka yangu alikatwa mguu wa kushoto baada ya ajali ya bodaboda. Hospitali ikampa magongo na kumruhusu. Hakuna aliyemwuliza analalaje. Kila Jumapili alikuwa anakipiga kiwi kiatu cha kushoto, kisha anakirudisha uvunguni. Tukadhani amechanganyikiwa, kumbe alikuwa anaomboleza. Wright aliandika hayo tangu 1960: moyo huanza kupona mtu akiona kwamba anayoyathamini hayakuondoka yote na kile kiungo. Tena alionya kuwa watu huuona ulemavu mmoja wakadhani umemwenea mtu mzima, hadi akili. Jamani, ndivyo tulivyomfanya kaka! Tuliacha hata kumwomba ushauri wa shamba. Vyuo vyetu vitoe washauri wa saikolojia wa kuwasaidia watu kama kaka, wakae wodini.