Anayerudi naye ni mgeni, mwacheni
Kinachoniudhi si safari yenyewe. Ni yule anayekupokea uwanja wa ndege na kukwambia, “Sasa umefika nyumbani, yameisha,” kana kwamba mwili umeshuka pamoja na sanduku. Haujashuka! Saa ya mwili, ile inayopanga usingizi na kuamka, hujirekebisha kwa takriban saa moja tu kwa siku, na ukiwa umeruka kuelekea mashariki hujirekebisha kwa shida zaidi. Aliyevuka kanda saba za saa anaweza kukesha karibu wiki nzima, akisikiliza ukimya asioutambua.

Na hapo hatujagusa macho wala pua. Nyumba ile ile uliyokulia ina harufu, harufu ambayo hukuwahi kuisikia kwa kuwa pua ilishaizoea. Mlango umekuwa mfupi. Jua linazama mara moja (karibu na ikweta giza huingia upesi kuliko kaskazini ya mbali), nawe umesimama umeduwaa. Ukisema lolote, unaambiwa unajidai, umesahau kwenu.

Sijasahau! Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliandika kuhusu mshtuko wa ugenini, ule mkanganyiko wa kuishi kati ya desturi usizozizoea, mwaka 1960, na mwaka 1963 watafiti John na Jeanne Gullahorn wakaeleza kwamba anayerudi hupitia mshtuko wa pili. Miaka zaidi ya 60 imepita, lakini bado anayekwenda anahurumiwa, anayerudi anachekwa. Inauma, hasa ikitoka kwa watu uliowakumbuka kila siku. Niacheni niishangae barabara yangu mwenyewe.